Pampu Mpya, Mlima Uleule

Kuntai alikuwa na mkono mwepesi, na hilo wacha tuliseme mapema. Akiwa darasa la sita alimvunja mwenzake meno mawili kwa sababu ya kalamu. Alipoanza kazi ya soko la mifugo kule Bissil, alimpiga dalali mmoja mpaka dalali akakimbilia chini ya lori, na Kuntai akamfuata hukohuko chini. Pua yake mwenyewe ilikuwa imepinda kwa mambo kama hayo. Lakini hakuna mtu Kitengela angesema Kuntai ni mvivu au ni mwizi. Miaka kumi na mmoja alibeba ng'ombe kutoka Bissil hadi kichinjio cha Kitengela, kwa lori kuukuu la bodi ya mbao alilonunua pamoja na mdogo wake, Leshan.

Kuntai alishika usukani na Leshan alikaa nyuma na ng'ombe. Usicheke, hiyo ni kazi ngumu. Ng'ombe akilala safarini, wenzake wanamkanyaga mpaka afe, kwa hivyo lazima mtu awe pale juu ya mbao na fimbo yake, amchokore, amvute mkia, ainuke. Leshan aliifanya kazi hiyo huku akiimba.

Sasa, kati ya Kajiado na Isinya kuna mlima ambao madereva wa mifugo wanauita Mlima wa Punda. Lori lao lilikuwa likifika katikati ya mlima huo linaanza kukohoa. Gia ya tatu inakataa, ya pili inakataa, mwishowe linatambaa na ya kwanza, na mtu anaweza kutembea kando yake akipiga gumzo na dereva. Wezi waliliona hilo. Siku moja saa kumi jioni, jua likiwaka, wanne walilipanda na mapanga ili wafungue mlango wa nyuma na kuwaangusha ng'ombe. Leshan aliwakabili peke yake kwa fimbo, Kuntai kule mbele hasikii kitu kwa kelele za injini. Mmoja alimkata mkono mpaka mfupa ukaonekana. Mwingine alimsukuma, akaangukia mgongo kwenye lami, na ng'ombe wa kwanza aliyetupwa akamwangukia juu. Daktari alisema uti wa mgongo umekwisha. Leshan alirudi nyumbani kwa Kuntai na miguu ambayo ipo lakini haitembei.

Tangu siku hiyo Kuntai hakuwa na wazo lingine. Alitaka lori lipande ule mlima mbio, mwizi asipate pa kushika. Mkewe, Margaret, alimwambia wazi.

"Uza hii kitu, Baba Naserian. Imekula mtu mmoja, inatosha."

"Nikiuza, huyu ndugu yangu nitamlisha mchanga?"

Mtu wa nyuma hakupatikana tena, kwa sababu kila aliyeulizwa alikuwa amesikia habari za Leshan. Kuntai akawa anasafiri peke yake, anafika Kitengela na ng'ombe mmoja au wawili wamekanyagwa. Mara mbili wezi walimrushia mawe mlimani. Mara ya pili kioo kilipasuka na kipande kikamwingia shavuni, akaendesha mpaka Isinya akitema damu dirishani na kutukana mama za watu.

Basi akaenda kwa Githinji, fundi mwenye maneno matamu kupita kiasi.

"Hii ni kazi ndogo, boss," Githinji alisema. "Niko na nozeli kubwa za kurusha dizeli ndani ya injini, zimetoka kwa lori ya kubeba kokoto. Tunaziweka, tunafungua pampu imwage dizeli mara mbili. Utaona moshi! Huo mlima utaupanda kama upepo."

Kuntai alipenda maneno hayo. Hasira inapenda dawa kali, hata kama haijui inatibu nini. Alikuwa tayari kulipa, ila Githinji alikuwa na lori lingine juu ya mawe, akamwambia arudi Jumatatu. Wikendi ile filta ya dizeli iliziba, na fundi wa karibu alikuwa Kavutha.

Kavutha alikuwa mama wa Kikamba, mnene, mwenye kibanda cha pampu za dizeli nyuma ya maduka ya vyuma. Alimsikiliza Kuntai mpaka mwisho, kisha akafunga mpira unaoonyesha ndani kati ya tenki na injini, akamwambia awashe na kukanyaga mafuta. Ndani ya mpira dizeli ilikuja na mapovu, ikakatika, ikaja tena na maji ya rangi ya chai.

"Wuui! Injini yako iko na kiu," Kavutha alisema. "Dizeli haifiki. Hii pampu ya zamani imechoka kuvuta, na inavuta hewa na maji. Nakuwekea pampu ndogo ya umeme huku kwa tenki, isukume, na filta kubwa ya kutenga maji. Basi."

"Mimi nataka nguvu, mama. Sitaki maji safi."

"Nguvu uko nayo. Inalala njaa."

"Githinji amesema nozeli."

"Githinji akuwekee nozeli, na mimi nikuonyeshe kitu." Alitoa pistoni chini ya meza na kumtupia. Ilikuwa na tundu katikati, vyuma vimeyeyuka pembeni. "Mwenye hii pia alitaka moshi. Ilitoboka akiwa mlimani na mzigo. Wewe ikitoboka pale pako, utawaambia wezi wangoje gari ya breakdown ikuvute?"

Hapo Kuntai alikasirika, kwa sababu alijua ni kweli. Alimwambia mwanamke hawezi kumfundisha lori, akapiga teke ndoo ya spana zikatawanyika. Kavutha hakupiga kelele. Alichukua chupa aliyokuwa amekingia dizeli ya tenki na kummwagia yote usoni.

"Onja! Onja uniambie kama hiyo ni dizeli!"

Kuntai alinyanyua ngumi. Kavutha alikuwa ameshanyanyua spana namba thelathini na mbili. Walisimama hivyo, macho ya Kuntai yakiwaka moto, mdomo wake umejaa ladha ya maji ya kutu na dizeli. Akatema. Akatema tena. Kisha akaketi kwenye tairi na kusema, "Weka hiyo pampu yako." Akaanza kuokota spana moja moja.

Alhamisi alipakia fahali kumi na wawili Bissil, wenye pembe pana, akawafunga mwenyewe. Alipita Kajiado saa kumi. Chini ya Mlima wa Punda aliona pikipiki mbili kichakani. Mtu mmoja alichomoka na kudaka mbao za nyuma, kama walivyozoea, akapanda. Watatu wengine walikimbia nyuma yake wakingoja lori lichoke.

Lori halikuchoka. Kuntai aliweka gia ya tatu na gia ikakubali. Alikanyaga, injini ikavuta kwa sauti moja nzito isiyokatika, na kwenye kioo cha pembeni aliwaona wale watatu wakibaki, mmoja ameinama kushika magoti. Alicheka. Haki ya Mungu, alicheka akapiga usukani na kiganja mpaka ukauma.

Ndipo aliposikia kule nyuma kishindo cha kwato, na mtu akipiga kelele.

Yule wa juu alikuwa ameshakata kamba ya fahali wawili kabla hajagundua kwamba lori linakwenda mbio na hawezi kuruka. Fahali waliofunguliwa waligeuka, wengine wakashtuka, na yeye akateleza kati yao.

"Dere! Simama! Wananiua! Dere, simama!"

Mguu wa Kuntai ulikuwa kwenye mafuta. Breki ilikuwa pembeni, karibu kiasi kwamba angeigusa kwa ncha ya kiatu. Akilini alimwona Leshan kwenye lami. Akakanyaga mafuta. Sauti ilimwita dereva, ikamwita mzee, ikamwita baba, ikaita mama yake mwenyewe, halafu ikawa ya mtu asiye na maneno. Kufika kileleni, ilikuwa imekwisha.

Kule Isinya alifungua mlango mbele ya polisi. Kulikuwa na shati jekundu, na uso ambao hakuna mzazi angeutambua. Watu walijaa. Walimpiga Kuntai mgongoni kwa furaha, mmoja akamnunulia soda. Polisi waliandika maelezo, wakamwacha aende na ng'ombe wake.

Alifika nyumbani kabla ya giza akatembea moja kwa moja mpaka uani, ambako Leshan alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Akamweleza yote bila kuketi, pampu, gia, wale waliobaki, kelele, akiwa na kiburi cha mtoto aliyeleta zawadi.

"Alikuwa analia?" Leshan aliuliza.

"Sana. Tangu chini mpaka juu."

Leshan alitazama mikono yake.

"Siku yangu mimi pia nilikuita," alisema. "Nilikuita mpaka sauti ikaisha. Sikukukasirikia hata siku moja, Kuntai, kwa sababu nilijua hukunisikia. Nilijua ungesikia ungesimama."

Jua lilikuwa limezama na baridi ilianza kuingia uani. Kila jioni saa hiyo Kuntai ndiye aliyemwinua ndugu yake na kumpeleka kitandani. Aliinama, akaweka mkono mmoja chini ya magoti yake.

Leshan aliushika ule mkono na kuutoa.

"Niitie Margaret," alisema. "Wewe leo usinibebe."