Bunduki Niliyoipokea Lusail

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize kabisa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mimi si mtu wa hadithi za majini. Hapa Doha nimelinda majengo matupu miaka minne, ghorofa juu ya ghorofa, peke yangu na tochi, na sikuwahi kuona hata kivuli cha paka. Haya ninayokueleza yalinipata mchana kweupe, saa saba ya jua kali, ndani ya duka, taa zinawaka na kiyoyozi kinanguruma. Usiponiamini, shauri yako. Mimi ndiye ninayelala na bega linaloniuma.

Kwanza ujue nilikuwa nataka nini. Nilikuwa nataka kwenda kwetu Tunduru, basi. Mama yangu sukari ilikuwa inamla macho. Daktari alishamwambia la kushoto limekwenda na la kulia linafuata. Akanipigia simu, akaniambia, "Mwanangu, njoo nikuone wakati bado naona." Neno kama hilo unaambiwa umekaa juu ya kitanda cha chuma mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, chumba cha watu sita, utajibu nini? Nilijibu nakuja. Likizo nilishapewa, tiketi ninayo kwenye simu, zimebaki siku kumi na moja.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha ulinzi, ni dereva wa nyumba. Tajiri wangu ni mtu wa hapahapa, na sisi wafanyakazi tunamwita Baba, kama ilivyo desturi ya nyumba za huku. Baba si mtu mbaya, ila akitaka kitu anakitaka jana. Mwaka ule alikuwa anamwoza mwanawe, na kwenye harusi zao wanaume hucheza ardha, ngoma ya panga na bunduki. Mzee wake, baba yake mzazi, alisema hachezi na bunduki za kisasa. Anataka ya zamani, ya jeshi la Waingereza, ile ndefu ya mbao kama aliyoiona utotoni. Baba akatafuta miezi, mpaka akaambiwa kuna duka la vifaa vya kuwindia upande wa Lusail limepata moja. Ilikuwa imetoka ghala la jeshi huko ilikotoka, ikasafishwa na kukarabatiwa, na vibali vyake vipo.

Sasa nikueleze ugonjwa wangu mmoja, maana bila huo kisa hakisimami. Kule kwenye ulinzi msimamizi wetu alikuwa sajini mstaafu, Mtanzania mwenzetu, mkali kama pilipili. Sheria yake ilikuwa hivi: anayetoka zamu anataja kila alichokuwa analinda, kisha anasema "nakabidhi." Anayeingia anasema "nimepokea." Asiposema, yule wa kwanza haondoki hata kama kibofu kinapasuka. Na akishasema, lindo ni lake, asiende kokote mpaka apatikane wa kumpokea. Miaka minne, mara mbili kwa siku! Mdomo ukazoea. Mpishi akinipa sahani ya wali, nasema nimepokea. Mwenzangu wa chumbani, Otieno, Mkenya tuliyelinda naye, alikuwa ananicheka: "Wewe hata Malaika wa Mauti akija utamwambia umepokea." Nikamwambia afunge bakuli lake.

Haya. Tukafika dukani. Mwenye duka akaileta bunduki, akailaza mezani juu ya kitambaa cha kijani. Ilikuwa nzuri, sikufichi. Mtutu mweusi, unang'aa kwa mafuta, mkanda mpya, kitako cha mbao kimepigwa randa na vanishi mpaka unajiona. Harufu yake ilikuwa ya mafuta ya bunduki na ngozi, na mimi nikamkumbuka babu yangu mara moja. Alikuwa mwindaji, na koti lake lilinuka hivyohivyo. Sisi wajukuu tulikuwa tunagombania kulilalia. Baba akaingia ofisi ya nyuma na mwenye duka kutia saini karatasi. Akaniambia, "Kaa hapa. Mtu asiiguse, na wewe usiiguse."

Nikabaki peke yangu. Nje jua limewaka, hakuna anayepita. Nageuza macho, kuna mtu amekaa kwenye kiti cha wateja.

Kijana. Umri wake hauzidi miaka thelathini, mimi nina arobaini na moja. Mweusi mwenzangu, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, shati la kaki, miguu imelowa mpaka magotini, maji yanachuruzika kwenye vigae. Lusail hiyo, mwezi wa saba! Anaiangalia ile bunduki, haniangalii mimi. Nilitaka kumwuliza ameingia saa ngapi. Badala yake ikanitoka mdomoni: "Shikamoo."

Umeona wapi mtu wa arobaini akimwamkia mtoto wa ishirini na kitu? Nilijionea aibu. Lakini yeye hakushangaa hata kidogo. Akageuka, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Kwenu wapi?"

Nikamwambia Tunduru. Akafumba macho.

"Ruvuma imeshapungua? Watu wanavuka kwa miguu?"

"Mwezi huu itakuwa imepungua, babu." Babu! Nimeshamwita babu, na ndevu zake hazijakomaa.

"Na wanawake wanachimba ming'oko?"

"Wanachimba."

"Jando limeanza?"

Nikamwambia ndiyo msimu wake, watoto watakuwa wameingia. Akacheka kidogo, akanitajia kijiji chake. Nakijua, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Sitakitaja hapa kwa heshima ya watu wake. Lafudhi yake sasa! Lafudhi ile ya wazee wa kwetu, ambayo hata nyumbani hujaisikia tangu wazikwe. Wallahi, sikuogopa. Ungekuwa wewe labda ungetimua mbio. Mimi nilivuta kiti, nikakaa. Miaka sita sijala ming'oko na chumvi. Tukazungumza habari za mto, za mashamba ya mpunga, za nguruwe pori wanaokula mihogo, kama watu wawili waliokutana gengeni.

Kisha akaonyesha kitako cha bunduki. "Kilikuwa cha mbao nyingine hicho. Nilikata alama, moja kila mwezi niliokuwa mbali na nyumbani. Wamenitupia. Sasa sijui nimekaa miezi mingapi."

Nikakiangalia kitako. Vanishi tupu, hakuna hata mkwaruzo.

"Tulikuwa tunarudi," akasema. "Vita vimekwisha. Nikaugua melini. Wenzangu walipofika wakakabidhi bunduki zao, wakaenda makwao. Yangu hakuna aliyeipokea mkononi mwangu. Waliitupa tu kwenye kasha. Nilimwacha mke wangu na mimba, mjukuu wangu, na siwezi kwenda. Nafuata hiki chuma tu. Ghalani, melini, ghalani tena. Na hakuna ninayemwamkia akaniitikia."

Akasimama. Na mimi nikasimama, visigino vikajipanga vyenyewe. Akaitaja namba ya bunduki yote, bila kuiangalia, akasema, "Mkanda wake mmoja. Safi. Haina risasi. Nakabidhi."

Mdomo wangu ukasema, "Nimepokea."

Sikufikiri. Nakuapia sikufikiri. Lilitoka kama chafya. Nikamwona yule kijana mabega yanamshuka, kama mama aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Akacheka meno yote nje, akaniambia, "Mungu akuweke," akaenda zake. Alipita mlangoni kama mtu yeyote, ila ile kengele ya mlango haikulia.

Baba alitoka ofisini akanikuta nimesimama wima, bunduki imo begani mwangu. "Nilikwambia uilinde, sikukwambia uishike!" Alifoka, na alikuwa na haki. Sikumbuki kuinyanyua. Vigae vilikuwa vikavu kama havijawahi kuona maji.

Basi, kuanzia siku hiyo kila safari ikawa inavunjika. Siku tatu kabla ya safari, harusi ikasogezwa mbele, mzee akasema anayembebea bunduki yake ni yule dereva, si mtu mwingine. Likizo ikaahirishwa. Mara ya pili pasipoti yangu ilikosekana, tukapekua nyumba nzima, ikaonekana kwenye droo ileile tuliyoipekua, ndege imeshaondoka. Mara ya tatu nikafika uwanja wa ndege, nikafika mpaka dirishani, mguu wa kulia ukakataa. Nikaanguka mbele za watu. Zahanati wakapima kila kitu, wakasema sina ugonjwa. Na bega hili, kila saa saba mchana, linavutwa chini kana kwamba kuna mkanda. Napona nikipita majlisi, sebule ya wageni ya Baba, pale bunduki ilipotundikwa ukutani. Nikisimama chini yake, maumivu yanakatika. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilikaa chini nikalia kama mtoto. Niko lindoni.

Kati ya hiyo mara ya pili na ya tatu, jicho la kulia la mama likazima.

Nilimweleza yote kwa simu. Mama si mtu wa kudharau mambo, akatuma mtu kwenye kile kijiji. Wakamkuta bibi mmoja mkongwe, ambaye baba yake alikwenda vitani yeye akiwa tumboni. Mama yake alikataza hitima isisomwe, kwa kuwa mtu hakurudi kuaga, na bibi akashika msimamo huohuo maisha yake yote. Wakamwuliza kuhusu siku ile. Akasema alikuwa anapeta mpunga barazani, jua la utosi, akasikia mwanaume anabisha hodi. Akaitikia karibu. Hakuona mtu. Lakini akatandika mkeka, akatenga maji ya kunywa, akakaa pale na mgeni wake mpaka alasiri. Kesho yake akamwita shehe, akamwambia sasa someni, baba amefika.

Niliposikia hayo nilifurahi, nisikudanganye. Nilifurahi siku nzima. Usiku hasira zikanipanda: kwa nini mimi?

Na dawa naijua. Siku moja Otieno, ambaye siku hizi anafunga kamera, aliletwa nyumbani kwa Baba kufunga ya majlisi. Nilishamsimulia. Akaiangalia bunduki, akaniambia, "Si unipatie mimi hiyo maneno, nijibu, uende uone mamako? Mimi siogopi hizo vitu." Hakutania, ana moyo wa hivyo. Na yeye mdomo wake ulifunzwa na sajini yuleyule. Nikavuta pumzi. Nikaanza: bunduki moja, namba yake hii, mkanda mmoja, safi, haina risasi. Nikamwona ameshafungua mdomo, analisubiri neno lile la mwisho. Desemba ilikuwa imekaribia, na kwao Siaya wanawe wadogo wawili walikuwa wanahesabu siku.

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Akashtuka, akanitukana. Nikamwambia funga kamera yako uende.

Jioni nilimpigia mama nikamweleza nilivyotaka kumfanyia mtoto wa mwenzake. Akasema, "Usimpe mtu. Mimi nimeshapofuka, hakuna tena cha kuwahi. Mama yake huyo bado anaona."

Otieno alikwenda kwao, akarudi amenenepa.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesikiliza, hasa wewe uliye ugenini na mdomo uliozoea kazi. Vitu hivi vya mitumba vya jeshi, mabegi, makoti, bunduki za mapambo, vinasafishwa mbao na chuma tu. Mtu akikukabidhi kitu, funga mdomo kwanza. Uliza cha nani, kimetoka wapi, na nani alikuwa hajamaliza nacho. Adabu ni nzuri, mwamkie, mpe habari za nyumbani kama anazitaka. Lakini kupokea, usipokee.

Mimi nipo hapahapa. Kila Ijumaa baada ya sala nampigia mama, naye ananitaka nijieleze nilivyo: nimekonda au nimejaza, uso umekaaje, ndevu zimeingia mvi kiasi gani. Namweleza pole pole, anarudia kila neno. Ila za mvi namdanganya. Namwambia bado, mama, hata moja.