Bahasha Aliyoibeba Saidi

Nikitoka nitauawa njiani. Nikibaki nitasahauliwa kazini. Mwanangu, shaka hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi miaka ile ya vita, nilipokuwa kijana mwenye diploma mpya na moyo wa kuku. Unasema umepata kazi ya kufanyia nyumbani na unataka baraka zangu. Nitakupa, ila kwanza nisikilize.

Nilikuwa nikitafsiri ripoti za Kifaransa kwa ofisi moja ya mtaa wa Kigobe, upande wa pili wa mji. Njia zilipoharibika, mkuu wetu akasema, "Fanyia kwenu." Nikafurahi, sikufichi. Nyumbani, mtaani kwetu Buyenzi, hakuna aliyenisimamisha kuniuliza kitambulisho. Chai ya mama niliinywa ikiwa moto, naye alinisikia nikikohoa akajua mwanawe yu hai. Ubaya wake niliuona mdogo. Jamaa waliokimbilia kwetu walijaa mpaka sebuleni, na watoto wao wakanyamazishwa kwa ajili yangu, kana kwamba hawakuwa wamenyamazishwa vya kutosha huko walikotoka.

Lakini karatasi hazina miguu. Kila asubuhi jirani yetu Saidi, fundi magari, alipita dirishani kuchukua bahasha yangu, kwa kuwa gereji yake ilikuwa upande ule wa mji.

"Profesa, leta mutoto wako nimupeleke shule," alinitania, akiitia bahasha ndani ya shati.

"Njia iko namna gani leo?"

"Njia ni njia. We andika tu."

Nami niliandika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na mimi niliuona wepesi wake tu.

Nakumbuka siku moja alipita asubuhi kama kawaida, akarudishwa kabla ya adhuhuri juu ya mkokoteni. Risasi zilimkuta barabarani, bahasha yangu ikiwa kifuani.

Mtaani kwetu mtu akifa, aliye nyumbani hutoka kubeba jeneza. Aliye kazini husamehewa, huja jioni kutoa pole. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikipima. Nikitoka, mama yake atanitazamaje? Nisipotoka, nitasema nilikuwa kazini. Na si kweli? Meza ilikuwa mbele yangu, kalamu mkononi. Akili iliyosoma haikosi jibu, mwanangu. Hilo ndilo balaa lake.

Mzee Rajabu, aliyemwosha Saidi, akaja dirishani, mikono yake bado mibichi.

"Uko kazi ao uko nyumba?"

"Niko kazini, mzee."

"Apana. Mwenye alikuwa kazi tunaenda kumuzika sasa. We uko nyumba. Toka, ubebe."

Nikatoka, nikabeba. Hakuwa mwepesi. Mama yake hakunitazama hata mara moja, na mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au adhabu.

Asubuhi iliyofuata nilitia bahasha ndani ya shati langu, nikaenda Kigobe kwa miguu. Mkuu akaipokea bila kuinua macho.

"Yule wenu wa kila siku yuko wapi?"

Muda wote ule hakuwahi kumuuliza jina. Nami sikuwahi kumtajia.

"Saidi," nikasema. "Alikuwa anaitwa Saidi."

Akaniambia nirudi nyumbani, atatafuta mwingine wa kupita. Nikakataa. Tangu siku ile niliandikia nyumbani, lakini karatasi zangu nilizibeba mwenyewe mpaka bunduki ziliponyamaza.

Basi ikubali kazi yako. Nyumba ina heri: utawaona watu wako, utasoma kwa utulivu. Lakini nyumba njema si mlango. Anayetulia ndani, yupo anayetembea nje kwa ajili yake. Mjue jina, na usimtume pale panapokutisha wewe. Jirani akifiwa, usijifanye uko mbali. Mungu akulindie paa lako, mwanangu, na amrudishe salama kwao kila anayebisha hodi mlangoni pako.