Mama Anakula Kidogo Sana

Nafundisha Kiingereza mtaani Saio, chumba kimoja, kwa vijana wanaotafuta kazi kwenye mashirika ya misaada. Siku hiyo tulikuwa kwenye neno "hardly", na lilinipandisha hasira kweli. Kila mmoja alidhani maana yake ni kwa bidii. Mmoja, akitaka kujisifu kwa bidii yake, aliandika "I hardly work", yaani karibu hafanyi kazi kabisa.

"Musikie!" niliwafokea. "Si hapana, lakini imekaribia hapana. Mutu akimeza tonge moja na kusukuma sahani, ndiyo hiyo. Na musiongeze hapana ingine juu yake, inatosha!"

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu wa kiume, anayekaa na mama yetu Mambasa na kuniita Yaya, mimi mkubwa wake. Nilijua mama ana homa, nilidhani inapungua.

"Yaya, mama iko anakula kidogo sana. Ukuye."

Nikamaliza somo. Kisha nikapita sokoni kununua maziwa ya unga na ndizi mbivu. Anakula kidogo, nikajiambia, basi anakula.

Na mimi ni mtu wa hapa! Huku kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Aliye mbali anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, aje, ili asianguke njiani peke yake. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia jirani hivyo, kwa sauti ileile ya upole, na mtu wake ameshafunikwa shuka. Zamu yangu ilipofika, masikio yakaziba. Kesho yake, njia nzima ndani ya gari, nilimkasirikia mdogo wangu kwamba hajui kupika uji.

Mambasa, tangu barabarani niliona viti vya plastiki vimejaa uani kwetu. Wanawake waliponiona wakapiga yowe. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Ee mama yangu! Nililia mpaka sauti ikakauka.

Baadaye nilimshika mdogo wangu shati. "Lini?"

"Jana asubuhi, mbele ya mimi kukupigia simu."

"Alisema nini?"

Akatazama pembeni. "Juzi muchana yote alikuwa anakuuliza. Tuliogopa kukusumbua na kazi, tukamwambia uko njiani. Akasema tumukalishe, akuone wakati unaingia."

Juzi nilikuwa nyumbani Saio, nafua mapazia. Hakuna aliyekuwa ameniita.