Fimbo yangu ya kuvulia na mgongo wa mzee wa Bahi

Salaam wakuu wa baraza. Haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijatia.

Nilitoka Tanga kwa miguu na msafara wa wapima reli. Mimi karani, nimesoma shule ya Wadachi, yaani Wajerumani. Tukapanda nyika, tukapita Mpwapwa, visigino vimepasuka, mpaka Bahi kwenye mto Bubu.

Mzigoni nilikuwa na fimbo nyembamba ya kuvulia. Aliniachia Mdachi mmoja kule Usambara, nikiwa kijana. Haitaki chambo. Unafunga manyoya ya kanga kwenye ndoana yafanane na nzi, unarusha mshipi nyuma na mbele, mpaka nzi atue majini kama aliye hai.

Wakuu, nimetangatanga maisha yangu yote, sina kwetu. Lakini mshipi ule ukiwa hewani, nilikuwa nimefika.

Kiangazi kile mto ulibaki madimbwi. Jumapili moja nikaenda na khaki yangu na kofia. Mshipi ukawa unalia hewani.

Kugeuka, namwona mzee wa Kigogo aliyeleta ng'ombe kunywa. Amevua shuka, amelala kifudifudi mchangani, mgongo wazi.

Nilichoweza kusema ni, "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Piga tu, bwana. Kazi ya barabara sikwenda, ng'ombe walipotea."

Mkewe alikuwa kando na kibuyu. "Kunywa maziwa kwanza, bwana, upoe. Vidonda vya kiboko cha juzi havijafunga."

Nikamwonyesha yule nzi wa manyoya. Nikasema navua samaki tu, tena nikimpata namrudisha majini.

Mzee akainuka, akajikung'uta mchanga kifuani. "Anakamatwa, halafu anaachiwa?"

"Huyo ana bahati kuliko wewe," mkewe akamwambia.

Wakacheka, wakanipa maziwa. Mimi kicheko kilikataa. Nilikunywa nikitazama chini.

Nilijaribu tena mbali zaidi, ambako hakuna mtu. Kila nikiinua mkono, naona mgongo ule.

Siku niliyoondoka Bahi moja kwa moja, niliiviringisha fimbo kwenye mkeka, nikapita katikati ya watu kama mtu anayeficha kiboko. Mzee alikuwa njiani na ng'ombe wake. Alishuka pembeni kunipisha, akavua kofia.

Nilichojifunza ni kutazama nyuma kabla ya kuinua mkono. Nimechelewa kukijua.

Nanyi wakuu, mnachokipenda kimewahi kumlaza mtu chini? Semeni, nasikiliza.