Picha Yangu, Maneno ya Mke Mwenzangu

Ukitaka kujua nani alizaliwa kabla ya nani kule kwetu Buleusa, njoo kwangu. Nitakutajia mtoto, mama yake, na mkunga aliyemkata kitovu. Nitakutajia hata jina la mbwa aliyebweka siku hiyo. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, lakini majina hayajawahi kunitoka. Kwa hiyo watoto wa kwetu waliotawanyika Goma na Kampala walipofungua tovuti yao kwenye enternet, ili wajukuu wasome habari za kilima ambako vita ilitufukuza, mtu wa kwanza waliyemtafuta alikuwa mimi.

Wa pili alikuwa yeye.

Yeye ni mke wa pili wa marehemu mume wangu. Mimi niliolewa kanisani, kwa pete. Yeye aliingia kwa mbuzi, wakati mimi nina mimba na miguu imevimba, na siku alipofika nikaambiwa nimpikie. Ananiita Yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, na sauti yake ni tamu. Utamu huo umenichosha maisha yangu yote. Vita ilitutupa kambi hadi kambi, mume akafa, sisi wawili tukabaki hapa kambini Mweso, na vijumba vyetu vya turubai vikawekwa vikitazamana. Nikipika sombe, majani ya mihogo, anajua kama leo nimetia mawese ao nimekosa.

Wale watoto wa tovuti walitupa sharti moja: tusitaje jina la mtu mwingine yeyote, aliye hai wala aliyeuawa, kwa sababu wenye bunduki nao wana telefone. Mimi, kusimulia bila majina? Ni maharagwe bila chumvi. Nilikubali kwa ajili ya binti yangu wa mwisho tu, ndiyo maana hata hapa ninasimulia vilevile.

Huyo binti yuko Kampala na watoto wake. Siku risasi zilipolia Buleusa alikuwa bado wa kubebwa mgongoni kwa ngobi, ndiyo kwanza ameanza kusema. Nilikuwa nimemwacha nyumbani na mke mwenzangu, mimi niko ng'ambo ya mto nang'oa mihogo. Mke mwenzangu alimfunga mgongoni akakimbia na watu. Mimi sikujua. Watu wote wanakuja huku, mimi naenda kule, nawasukuma, nauliza mtoto wangu. Niliingia kijijini nyumba zikiwaka. Nilichakura jivu la jiko langu kwa mikono. Nilimpata baada ya miaka, kambini Lushebere, meno ya mbele yameng'oka na mengine yameota. Alinitazama, akajificha nyuma ya kikwembe cha mke mwenzangu, akamuuliza:

"Mama, huyu ni nani?"

Alimuuliza yule. Hakuniuliza mimi.

Tangu hapo tuliishi, akakua, akaolewa, akaenda. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilimwacha, na mimi sikumwambia kwamba nilirudi. Kwenye telefone unasalimia, unauliza wajukuu kama wamepona malaria, unite, ile salio ya telefone, zinaisha, inakatika. Nilijua anaamini nilikimbia kivyangu. Anavyosema "sawa, Mama" mtu anajua. Basi mambo ya mihogo, mto na jivu niliyatoa yote mbele ya mashine.

Mashine hiyo iko dukani kwa mama mmoja wa Butembo. Mume wake ana malori ya mizigo, yeye anauza sabuni, chumvi na betri, na nyuma ya kaunta ana ordinateri, kompyuta yenyewe, inayokula umeme wa jua. Juu yake ametundika rozari. Nilisema, akaandika, akanisomea, akanipiga picha, akatuma. Picha yangu ikakaa kwenye tovuti. Ukiigusa, hati yenye maneno yangu inafunguka. Kesho yake mke mwenzangu naye akaenda. Alivaa kikwembe ambacho binti alitutumia kutoka Kampala. Alitutumia viwili vya namna moja, lakini mimi macho yangu yanaona cha mwenzangu kina rangi zaidi.

Siku chache baadaye binti akapiga.

"Mama, nimefungua picha yako."

Nikakaa chini kwenye kigoda. "Umesoma?"

"Nimesoma. Ni maneno ya Mama Mudogo." Ndivyo anavyomwita mke mwenzangu.

"Umegusa picha yake, mutoto wangu. Gusa yangu."

"Nimegusa yako. Nimegusa yake. Zote mbili zinaleta maneno ya Mama Mudogo." Nikasikia anafunga mlango. "Mulipatana aseme juu yenu wawili? Weye haukukuwa na neno ya kusema juu ya ile siku?"

Mimi nikageuka kutazama mlango wa mke mwenzangu.

"Sawa, Mama," akasema. "Haina neno."

Nikatoka na hasira hata kandambili nilivaa zote mbili za mguu wa kulia. Mke mwenzangu alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni kwake.

"Yaya, unaenda wapi mbio hivyo?"

"Naenda kuona mahali ulizika maneno yangu!"

Akaweka ungo chini, akanifuata. Sikumwita.

Dukani nilipiga kaunta. "Mama wa Butembo, huyu mwanamuke alikupa nini? Alichukua bwana wangu, mutoto wangu akamwita mama, sasa anachukua na picha yangu anakaa ndani!"

Watu waliokuja kununua chumvi wakasahau chumvi. Mama wa Butembo hakuinua sauti. Alifuta mikono.

"Mama, hasira haifungue fishie. Acha nione ugonjwa uko wapi."

Fishie ndivyo wanavyoita hati iliyo ndani ya mashine. Akafungua yangu kwanza palepale kwenye ordinateri yake, akasoma mstari wa juu: mihogo, mto, risasi. Maneno yangu, mazima.

"Unaona? Hapa iko muzima. Haijafa, haijaoza." Akachukua telefone yake, akaingia kwenye tovuti, akagusa picha yangu. Yakaja maneno ya mke mwenzangu. Akaomba telefone ya mteja mmoja, akafanya vilevile. Yakaja yaleyale.

"Basi haiko telefone ya mutoto wako. Na haiko rezo, juu mtandao ukikosa, ukurasa unabaki mweupe. Huu hauko mweupe, una maneno ya muntu mwingine." Akainamia kioo. "Wacha nisome mpaka mwisho, pengine yako iko chini ya yake."

Akaanza kusoma kwa sauti. Mke mwenzangu alishika mlango. "Ile, usisome hapa," akasema, lakini mama wa Butembo alikuwa ameshaingia ndani ya maneno.

Ndipo hapo nilisikia, kwa mara ya kwanza, njia waliyopita. Mvua. Mtoto mgongoni. Na mtoto halii njaa, analia mama. Njia nzima: mama, mama, mama yangu. Wenye bunduki wako bondeni, watu wanamwambia mke mwenzangu amnyamazishe ao amwache msituni, atawauwisha wote. Anamfunika, hanyamazi. Mwishowe anamweka kifuani, kwenye titi lisilo na kitu, anamwambia: "Mama yako ni mimi. Mimi njo mama." Anamwambia hivyo mpaka anaamini, analala.

Mke mwenzangu anaangalia nje.

"Haukuniambia," nikasema.

"Ungesikia, Yaya?"

Nisingesikia. Lakini nilichofikiri wakati ule si shukrani, niseme kweli. Nilifikiri: hata kilio cha mtoto wangu akiniita, anacho yeye. Miaka yote amekaa nacho kama mtu aliyeficha nyama.

Mama wa Butembo alifika mwisho. Yangu haikuwa chini. Akagusa tena picha yangu, polepole, akitazama ile anwani inayojiandika juu ya kioo. Akaiandika kwenye kipande cha karatasi ya sabuni. Akagusa ya mke mwenzangu, akaandika chini yake, herufi zilezile. Halafu akacheka, akajipiga paji la uso.

"Ee Maria! Ni miye. Angalieni: milango mbili, nyumba moja. Hizi hati niliziita jina gani? Nilikuuliza, Mama, weye ni nani, ukasema: bibi ya fulani. Nikaandika. Kesho huyu akakuja, nikamuuliza, akasema: bibi ya fulani. Nikaandika. Hapa kwangu kila moja iko mu kapo yake, kikapu yake, zinakaa vizuri. Kule kwenye tovuti kapo ni moja. Ya pili ilifika na jina lilelile, mashine ikasema, ah, ni yule amerudi na nguo mupya. Ikatupa ya zamani, ikaweka mupya."

Na mimi ningejibu nini kingine? Kwetu mke ni bibi: parokiani ni bibi ya fulani. Hospitali, bibi ya fulani. Wakigawa unga, wanaita bibi ya fulani, na tunasimama wawili, watu wanacheka. Tangu ndoa hakuna aliyeniita vingine.

"Basi moja ibadilishwe jina, niitume tena," akasema mama wa Butembo. "Nani anaacha lile?"

"Yeye," nikasema. "Miye wa pete."

"Miye nilimufunga macho siku alikufa," akasema mke mwenzangu. "Weye ulikuwa umenuna."

"Nilinuna juu alikuwa amelala kwako!"

"Alikuwa anakufa, Yaya. Alilala mahali aliangukia."

Mzee mmoja mwenye mfuko wa chumvi akasema: "Marehemu alikuwa na nguvu. Amekufa, bado wanagombana juu ya godoro." Watu wakapasuka. Hata mke mwenzangu alicheka, mkono mdomoni. Mimi sikucheka.

Mama wa Butembo akajaribu kutupatanisha. "Niandike ya kwanza na ya pili?"

"Andika," akasema mke mwenzangu. "Miye wa pili, nimezoea."

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimeshinda mbele ya watu. Lakini nilimwona binti yangu kule Kampala akigusa picha, anakuta tena bibi ya fulani na bibi ya fulani, kama magunia mawili ya mwenye duka mmoja. Anamjua nani kati yetu? Aliyerudi motoni si bibi ya mtu. Nilipokuwa nachakura lile jivu sikumkumbuka mume kabisa, wala kujiuliza kama yuko hai.

"Muachie," nikasema. "Muachie bwana. Andika jina yangu."

"Jina gani, Mama?"

Na mimi mwenye majina ya Buleusa yote, mpaka ya mbwa, nilisimama pale nikitafuta la kwangu, lile ambalo baba alinipa. Lilikuja na vumbi. Nililisema kidogo kidogo. Mke mwenzangu aligeuka akanitazama.

"Unaitwa hivyo? Ni zuri," akasema. Nikaona wivu machoni mwake, ao labda nilitaka kuuona. Ulinishibisha.

Mama wa Butembo aliipa hati yangu jina hilo, akaituma, akaifunga picha yangu kwenye anwani mpya. Akagusa kwenye ordinateri: mihogo, mto, risasi. Ya mke mwenzangu nayo ikafunguka mahali pake. Akagusa kwenye telefone: bado mke mwenzangu!

"Usianze kulia. Hii telefone inakumbuka ukurasa wa zamani, haiendi kuuliza kama kuna mupya. Inabisha kama muzee." Akaifuta kumbukumbu zake za tovuti, akafungua tena. Picha yangu. Nikagusa mwenyewe, kwa kidole changu chenye nyufa. Yakatoka maneno yangu, madogo kama siafu. Akayavuta kwa vidole viwili yakakua, mpaka neno jivu likajaza kioo.

Tulimpigia binti tukamwambia afute na ya kwake, kisha asome. Tukarudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma na kandambili zangu za kulia.

Binti alipiga jua likianza kushuka, nachambua sombe.

"Mama."

"Ee."

"Ulirudi."

"Nilirudi."

"Ulichakura na mikono?"

"Na nini tena? Jembe lilibaki shambani."

Alicheka akilia, na mimi vilevile, kisu mkononi, majani yakidondoka. Aliniita Mama mara nyingi bila kuongeza kitu, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Ng'ambo ya pili, mke mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, hasogei, anafuta mikono ambayo haikuwa na maji.

"Mama," binti akasema, "niletee Mama Mudogo. Nataka nimuambie na yeye kitu, kabla unite hazijaisha."

Nilimtazama mke mwenzangu. Alikuwa amesikia.

"Ngoja kwanza," nikamwambia binti. "Wajukuu wamepona?"

"Wamepona, Mama."

"Na mukubwa, jino lake?"

"Limetoka. Mama, unite."

Niliuliza na la mdogo. Halafu nikavuka njia, nikampa.