Kilio cha Kuazima

Jirani yangu Lisila alikuwa mwanamke mwenye sauti. Akiita kuku wake, mtaa mzima wa wafinyanzi uligeuka. Lakini siku walipomzika mwanawe wa pekee, Euthia, aliyekufa kwa homa kabla hajaota ndevu, hakutoa hata mguno. Sheria ya Athene ni hiyo: mwanamke asijikwaruze mashavu makaburini wala asiimbe maombolezo. Alitembea nyuma ya wanaume kabla jua halijachomoza, mumewe Telesoni akimminya mkono.

"Nyamaza, mama Euthia. Usije ukatuaibisha."

Akanyamaza.

Mwaka uleule Telesoni akachaguliwa kuimba kwenye tanzia, mchezo wa majonzi wa jukwaani, katika sikukuu ya Dioniso, mungu wa divai, ambako makundi hushindana. Kwetu mwanamke haigizi. Wanaume na ndevu zao huvaa vinyago vya kike wakalia kwa niaba yetu. Kundi la Telesoni liliigiza akina mama wa mji uliotekwa, wakiwalilia watoto wao. Mwalimu wa kundi alimchoka Telesoni.

"Unalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango!"

Ndipo bwana yule, bila haya, akaenda kumwomba mkewe. "Nifundishe basi, mama Euthia. Polepole, majirani wasisikie."

Na Lisila akamfundisha, jambo linaloniuma mpaka leo. Alitaka mwanawe aliliwe japo kwa kinywa cha mwingine. Akamwonyesha pumzi inapokatika, na neno linapokwama kooni.

"Ukifika hapo, mtaje mwanetu moyoni."

"Nitamtaja."

Siku yenyewe mimi na Lisila tulikaa ngazi za juu kabisa za uwanja wa maigizo, nyuma ya watu wote. Telesoni alilia, na watu wakalia. Hata Mikitho, mtengeneza taa anayepakana ukuta na akina Lisila, alifuta kamasi kwa joho lake. Kundi likashinda.

Jioni Telesoni akarudi na taji la ushindi kichwani, ananuka divai.

"Umewaona walivyolia?"

"Nimewaona. Ulimtaja Euthia?"

"Nafasi hiyo ningeitoa wapi, mwanamke? Nilikuwa nawaza nisikosee hatua."

Lisila akaketi chini uani. Kilio chote alichokimeza makaburini kikamtoka, kucha zikapanda mashavuni. Telesoni akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, lakini hakuweza kumnyamazisha.

Kichwa cha Mikitho kikachomoza juu ya ukuta, macho bado mekundu.

"We Telesoni! Hebu mnyamazishe mkeo. Watu tumechoka, tumelia kutwa nzima!"