Mtoto Ghali

Kiarabu nilikisoma kama kasuku. Madrasa ya kwetu Ivuna ilinipa herufi zote, maana haikunipa. Sikujua kama herufi zile zingenifaa nje ya msahafu, mpaka nilipojifungua mwanangu wa mwisho hapa Tunduma, mguu wake wa kushoto umepinda kwa ndani kama mundu.

Hospitalini walimfunga plasta, wakabadilisha, wakafunga tena, hadi mguu ukanyooka. Kisha wakampa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, avivae kila alalapo kwa miaka, la sivyo mguu ungerudi ulikotoka. Mtoto alivichukia. Alilia hadi sauti ikakauka, na wifi yangu hakuisha kusema, "Huyo mtoto ni gharama tupu. Mvue, Mungu atajua." Nilikuwa karibu kumvua.

Siku moja, nikitafuta kwenye simu picha za miguu kama ule, nikaangukia jukwaa la akina mama wa Kiarabu wenye watoto wa miguu hiyo. Wakati huo walikuwa wachache, wote wanajuana. Nilisoma nikidaka maneno ya kwetu: dawa, tabibu, wasiwasi. Nikaweka picha ya mwanangu akililia viatu vyake avuliwe, nikaeleza shida yangu kwa Kiswahili, ila kwa herufi za Kiarabu. Sijui walielewa nini. Mama mmoja wa Sudan akajibu, na katikati ya jibu lake nikakutana na neno ninalolijua barabara. Ghali. Mwanangu ni ghali.

Damu ikanichemka. Yaani wifi kanifuata hadi Sudan! Nikampelekea simu jirani yangu muuza vitumbua, aliyewahi kufanya kazi za ndani Omani, anisaidie kutukana vizuri.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Dada we, hajakutukana! Kwao ghali ni kipenzi. Anasema mwanao kipenzi asivuliwe viatu. Wa kwake alilia hivyo hivyo, sasa anacheza mpira."

Nililia palepale, mbele ya vitumbua vyake. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwanangu kipenzi isipokuwa mimi. Viatu sikumvua, na wifi nilimwambia akatafute kazi nyingine.

Jukwaa nalo limekua. Siku hizi wapo wa Yemen, wa Moroko, wa Iraki, na mama mpya akiweka picha huku analia, sisi wa zamani tunamkimbilia. Kiarabu changu bado cha kuokoteza, lakini yale maneno ya Msudani nayaandika bila kukosea. Sura yake sijawahi kuiona. Namshukuru katika kila dua.

Juzi mwanangu alichomoka dukani kwangu kukimbilia barabara ya malori, mbio za miguu miwili iliyo sawa. Nikapiga kelele, "We ghali, rudi hapa!"

Mteja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka Zambia, aliyekuwa anapapasa vitenge, akakunja uso. "Ghali? Kwani ni shilingi ngapi?"

"Hapana, bamayo," nikamwambia, nikimwita mama kwa lugha ya kwao. "Huyo hauzwi."